Aljebra nyumbani: Njia ya kijana wa Kakamega kujiandaa kwa chuo kikuu

MIEZI minane hivi hupita kati ya siku ambapo matokeo ya mtihani wa KCSE hutangazwa na siku ambapo wanafunzi wapya huripoti katika vyuo vikuu. Kwa kawaida matokeo hutolewa mwishoni mwa Desemba au mapema Januari, nao wanafunzi wapya hupokelewa vyuoni Agosti au Septemba. Katika Kaunti ya Kakamega, kuanzia Lurambi hadi Mumias na kutoka Malava hadi Khayega, kipindi hicho huwakuta vijana wengi nyumbani. Wengine huwa wakipalilia mahindi, wengine wakiendesha bodaboda, na wengine wakingojea tu barua ya kuitwa chuoni.

Kwa kijana aliyechagua uhandisi, kompyuta, takwimu, uchumi au ualimu wa sayansi, miezi hiyo inaweza kuamua jinsi mwaka wake wa kwanza utakavyokuwa. Mzigo mkubwa wa mwaka huo husimama juu ya nguzo moja, nayo ni aljebra. Aliyeielewa barabara hufuata mihadhara bila taabu kubwa. Aliyeikariri kwa ajili ya mtihani tu hujikuta akipotea katika mistari miwili ya kwanza ubaoni.

Habari njema ni kwamba aljebra ni miongoni mwa masomo machache ambayo mtu anaweza kujifunza nyumbani bila mwalimu kando yake. Sababu ni moja: aljebra humpa mwanafunzi njia ya kujisahihisha. Insha huhitaji msomaji mwingine wa kuipima, lakini jibu la mlinganyo hujishuhudia lenyewe likirudishwa mahali lilipotoka. Anayeijua siri hii na kuitumia kila siku huwa amepata mwalimu asiyelipwa karo.

KWA NINI ALJEBRA

Kujiunga na shahada katika vyuo vikuu vya Kenya kunahitaji wastani wa alama ya C+ katika KCSE. Tangu mtihani wa mwaka 2023, wastani huo hukokotolewa kwa kutumia Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi. Kwa hivyo hakuna mtahiniwa anayeweza kuikwepa Hisabati. Isitoshe, kozi kama vile uhandisi huwekewa sharti la alama maalum katika somo lenyewe, mbali na wastani.

Hata hivyo, kupata nafasi ni jambo moja na kudumu darasani ni jambo jingine. Mjini Kakamega kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, ambacho kilikuwa chuo kishirikishi cha Chuo Kikuu cha Moi tangu 2002 kabla ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Huko, kama ilivyo Nairobi, Eldoret au Maseno, wanafunzi wa sayansi hukutana na kalkulasi mapema. Mhadhiri aliye mbele ya ukumbi uliojaa hana muda wa kurudia jinsi mabano yanavyofunguliwa.

Chukua mfano wa swali la kawaida la kutafuta kasi ambayo x² hubadilika. Mhadhiri huandika (x + h)² − x², kisha hugawanya kwa h. Mabano yakifunguliwa, hupatikana x² + 2xh + h². Baada ya kuondoa x², hubaki 2xh + h². Zikigawanywa kwa h, hubaki 2x + h. Mwishowe h inapokaribia sifuri, jibu huwa 2x. Katika hatua nne hizo, ni ya mwisho pekee iliyo mpya. Tatu za kwanza ni kazi ya Kidato cha 2. Mwanafunzi anayedhani kwamba kalkulasi imemshinda mara nyingi ameshindwa na hizo tatu.

Katika uchumi mambo ni yayo hayo. Tuseme wanunuzi wa bidhaa fulani hutaka kiasi cha 100 − 2P bei ikiwa P, nao wauzaji huleta kiasi cha 3P. Soko hutulia pale ambapo pande mbili ni sawa: 100 − 2P = 3P. Hivyo 5P ni 100, bei ni 20, na kiasi kinachouzwa ni 60. Nadharia ya soko huelezwa kwa maneno, lakini jibu hupatikana kwa aljebra.

MAANA NA ASILI YA JINA

Neno aljebra lina asili ya Kiarabu. Limetokana na kitabu kilichoandikwa mjini Baghdad karibu mwaka 820 na mwanachuoni Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, katika enzi ya Khalifa al-Ma'mun. Kitabu hicho kilihusu mbinu mbili, al-jabr na al-muqabala. Ya kwanza ina maana ya kurejesha au kuunga kilichovunjika. Ya pili ni kukabilisha, yaani kuweka vitu viwili uso kwa uso. Msemaji wa Kiswahili hapati taabu kuielewa hiyo ya pili, kwa kuwa maneno mkabala na kukabili yametoka katika shina hilo hilo, kama vile hesabu na sifuri zilivyotoka katika Kiarabu.

Mbinu hizo mbili zingali ndizo kiini cha somo. Tazama mlinganyo huu: 5x − 12 = 3x + 8. Upande wa kushoto umepungukiwa na 12. Kuurejesha, 12 huongezwa pande zote mbili, na hupatikana 5x = 3x + 20. Hiyo ndiyo al-jabr. Kisha 3x iliyo pande zote mbili hukabilishwa na kuondolewa, hubaki 2x = 20. Hiyo ndiyo al-muqabala. Mwishowe x ni 10.

Wanafunzi wengi hufundishwa njia ya mkato isemayo kwamba nambari ikivuka ng'ambo ya alama ya usawa hubadilisha alama yake. Njia hiyo hutoa jibu, lakini huficha sababu, na mtu hujikuta akiitumia pasipofaa, hasa palipo na kuzidisha na kugawanya. Aliye nyumbani bila mwalimu na afikirie mizani ya duka: lolote litendwalo sahani moja sharti litendwe sahani ya pili, ama sivyo mizani itaegemea upande mmoja. Picha hiyo moja hutosha kuanzia milinganyo ya Kidato cha 1 hadi ile ya chuo kikuu.

KUPIMA MAHALI PA KUANZIA

Kosa kubwa la anayejifunza peke yake ni kufungua kitabu cha Kidato cha 4 siku ya kwanza, ati kwa kuwa tayari ameshafanya KCSE. Mara nyingi aljebra humshinda mtu kwa sababu ya hesabu ya shule ya msingi iliyobaki nyuma, hasa akisami na nambari hasi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kipimo chake ni chepesi. Kikokotoo huwekwa kando, kisha mwanafunzi hujibu maswali kama haya: −3 − 5 ni ngapi? −3 × −5 ni ngapi? Thuluthi mbili na robo moja zikijumlishwa ni ngapi? Robo tatu ikigawanywa kwa nusu ni ngapi? Majibu ni −8, 15, 11/12 na 3/2. Anayesita katika lolote kati ya hayo ajue kwamba hapo ndipo pa kuanzia, wala si aibu. Wiki mbili au tatu za akisami humwepushia mtu miezi ya kuhangaika.

Faida huonekana mara moja. Mlinganyo x/3 + x/4 = 14 humtisha asiyejua akisami. Anayejua huona kwamba 12 hugawanyika kwa 3 na pia kwa 4, basi huzidisha kila kipande kwa 12 na kupata 4x + 3x = 168. Hivyo 7x ni 168 na x ni 24. Akitaka kuhakikisha, thuluthi ya 24 ni 8, robo yake ni 6, na jumla ni 14.

MAKOSA MANNE YANAYORUDIWA

Kila mwaka Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, huchapisha ripoti inayoeleza jinsi watahiniwa walivyojibu maswali na walipoteleza. Ripoti hizo zina thamani kubwa kwa anayejisomea, kwa maana humwonyesha makosa kabla hajayafanya. Hata bila ripoti hizo, makosa manne hujulikana na kila mwalimu wa hisabati.

La kwanza ni kuandika kwamba (x + 3)² ni sawa na x² + 9. La pili ni kufungua 7 − (x − 5) na kupata 2 − x, badala ya 12 − x. La tatu ni kuchukua x + 6 iliyogawanywa kwa 6 na kufuta hizo 6 mbili ili ibaki x. La nne hutokea katika maswali ya maneno, ambapo jambo lililosemwa kuhusu watu wawili hufanyiwa mmoja tu.

Makosa matatu ya kwanza hufichuliwa na dawa moja: kuweka nambari ndogo mahali pa herufi. Ikiwa x ni 1, basi (x + 3)² ni 16, lakini x² + 9 ni 10. Uongo umedhihirika. Vivyo hivyo, 7 − (x − 5) hutoa 11, na 12 − x hutoa 11, ilhali 2 − x hutoa 1. Ikiwa x ni 6, basi x + 6 ikigawanywa kwa 6 ni 2, wala si 6. Jaribio hilo huchukua muda mfupi mno. Anayelizoea huacha kutegemea kumbukumbu, kwa kuwa kila kanuni anayoitilia shaka anaweza kuijaribu mwenyewe pale pale.

Kosa la nne huhitaji subira. Baba ana umri ulio mara tatu ya ule wa mwanawe, na baada ya miaka 12 umri wake utakuwa mara mbili ya ule wa mwanawe. Mwenye haraka huandika 3x + 12 = 2x + 12, akisahau kwamba mara mbili inahusu umri mzima wa mwana baada ya miaka 12. Ulio sahihi ni 3x + 12 = 2(x + 12). Hapo x ni 12. Mwana ana miaka 12 na baba 36, na baada ya miaka 12 watakuwa na 24 na 48. Maneno ya swali yametimia.

JIBU HUJISHUHUDIA

Kanuni kuu ya kujifunza nyumbani ni hii: swali halijaisha jibu linapopatikana, huisha jibu linapothibitishwa. Mfano wa sokoni unaonyesha jinsi hilo linavyofanyika.

Tuseme mteja alinunua gorogoro 3 za mahindi na 2 za maharagwe kwa Sh680. Mwingine alinunua gorogoro 1 ya mahindi na 2 za maharagwe kwa Sh440. Bei ya kila gorogoro ni ngapi? Wote wawili walinunua maharagwe sawa, hivyo tofauti ya Sh240 imetokana na gorogoro 2 za mahindi. Gorogoro moja ya mahindi ni Sh120. Mteja wa pili alilipa Sh120 za mahindi, zikabaki Sh320 za gorogoro 2 za maharagwe, yaani Sh160 kila moja. Uthibitisho hufanywa kwa mteja wa kwanza: mara tatu 120 ni 360, mara mbili 160 ni 320, na jumla ni 680. Hakuna haja ya kufungua majibu nyuma ya kitabu.

Mfano wa pili ni wa shamba. Kipande cha ardhi kina urefu unaozidi upana kwa mita 6, na eneo lake ni mita mraba 40. Upana ukiwa x, mlinganyo ni x² + 6x = 40. Wengi hukimbilia kanuni waliyoikariri. Lakini picha hufundisha zaidi. Chora mraba wenye upande x. Ile ziada ya mita 6 igawanywe vipande viwili vya mita 3, kimoja kiwekwe kando ya mraba na cha pili chini yake. Hubaki pengo la pembeni lenye mita 3 kwa 3, yaani 9. Likijazwa, mraba mkubwa una eneo la 40 na 9, jumla 49, hivyo upande wake ni 7. Ukiondoa 3, x ni 4. Shamba lina upana wa mita 4 na urefu wa mita 10, na 4 mara 10 ni 40.

Aljebra yenyewe hutoa pia jibu la pili, −10, kwa kuwa (x + 3)² ni 49 hata x + 3 ikiwa −7. Likirudishwa katika mlinganyo, 100 toa 60 ni 40, hivyo ni sahihi kwa mlinganyo. Lakini shamba haliwezi kuwa na upana hasi, basi huachwa. Mwanafunzi anayejua kwa nini amelichukua jibu moja na kuliacha jingine amevuka mpaka kati ya kukariri na kuelewa.

Kadhalika, kila anayejisomea anapaswa kuwa na daftari la makosa. Swali lililokosewa huandikwa upande mmoja wa ukurasa pamoja na hatua iliyopotoka, nao upande wa pili huachwa wazi. Baada ya wiki moja swali hilo hufanywa upya bila kutazama. Likikosewa tena, mada nzima hurudiwa.

MPANGILIO WA MADA

Mtaala wa 8-4-4 wa shule za sekondari tayari umepanga ngazi, na hakuna haja ya kubuni nyingine. Kidato cha 1 huanza na herufi badala ya nambari na milinganyo rahisi, ikiwemo ile miwili inayotatuliwa kwa pamoja. Kidato cha 2 huleta vipeo na logariti, milinganyo yenye x², na alama za kubwa kuliko na ndogo kuliko. Kidato cha 3 huendeleza milinganyo yenye x², kisha huongeza vipeuo, matriki, kubadilisha fomula, mifululizo ya nambari na ufunguzi wa mabano yenye vipeo vikubwa. Kidato cha 4 humalizia kwa matumizi ya matriki, upangaji kwa michoro ya mistari, na hatua za kwanza za kalkulasi.

Anayelenga chuo kikuu na ayape uzito wa pekee mambo matano: akisami zenye herufi, kufungua na kurudisha mabano, kubadilisha fomula ili herufi nyingine isimame peke yake, vipeo na logariti, na kuchora grafu za milinganyo. Hayo ndiyo hutumika kila siku katika fizikia, kemia, takwimu na uchumi wa mwaka wa kwanza.

Lugha pia ina nafasi yake. Mtihani na mihadhara hufanywa kwa Kiingereza, na istilahi zake sharti zijulikane. Lakini kuelewa hakulazimiki kufanyika katika lugha hiyo. Mwanafunzi anayeweza kumweleza mdogo wake kwa Kiswahili au kwa Kiluhya kwa nini hasi mara hasi huwa chanya ameielewa kanuni hiyo kuliko anayeitaja tu kwa Kiingereza. Kumfundisha mwingine ni mtihani usiodanganya.

VITABU, REDIO NA INTANETI

Vitabu vya hisabati vya sekondari vilivyochapishwa na Kenya Literature Bureau, kimoja kwa kila kidato, vimetumika shuleni kwa miaka mingi na hupatikana kwa urahisi kwa wauzaji wa vitabu vikuukuu. Vinne hivyo pamoja na karatasi za mitihani iliyopita hutosha kwa kazi yote iliyotajwa hapa. Asiyeweza kununua anaweza kuazima kwa waliomaliza shule, au kusoma katika maktaba ya umma mjini Kakamega, ambako pia hupata utulivu usiopatikana katika nyumba yenye watoto wengi.

Wenye simu na data wana mengi zaidi. Khan Academy, shirika la Marekani lisilo la faida, hutoa video na mazoezi ya aljebra bila malipo, kuanzia hesabu za msingi hadi kalkulasi. OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice nchini humo, huruhusu yeyote kupakua vitabu kamili vya aljebra ya ngazi ya chini, ya kati na ya chuo kikuu. Kitabu kikishapakuliwa mara moja mjini, husomwa kijijini bila kuhitaji mtandao tena.

Hata hivyo, zipo programu za simu zinazopiga picha swali na kutoa jibu pamoja na hatua zake, na sasa akili unde hufanya hivyo kwa maelezo marefu. Vyombo hivyo husaidia iwapo mwanafunzi amekwisha kujaribu na anatafuta alipokosea. Akivitumia kabla ya kujaribu, huwa kama mtu anayetazama mwenzake akilima na kudhani amelima yeye. Aidha, majibu ya akili unde huweza kuwa na makosa, hivyo nayo sharti yarudishwe kwenye mlinganyo yathibitishwe.

Nchi imewahi kuonja masomo ya nyumbani kwa lazima. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya janga la Covid-19, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilipeperusha vipindi vya masomo kupitia redio na runinga. Watahiniwa walirejea darasani Oktoba mwaka huo, na KCSE ya 2020 ikafanywa Machi na Aprili 2021. Tatizo la kipindi cha redio ni kwamba hupita na kwenda, wala hakimngoji aliyeachwa nyuma wala kumuuliza iwapo ameelewa. Sauti na video hufungua mlango, lakini ni kalamu na karatasi zinazomwingiza mtu ndani.

Kakamega ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1998 Kenya na Japani, kupitia shirika la JICA, zilianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari. Wilaya za Kakamega, Lugari na Butere-Mumias, ambazo leo zimo katika kaunti hii, zilikuwa miongoni mwa wilaya chache za majaribio kabla ya mradi huo kuenezwa nchini kote. Msingi wake ulikuwa kwamba mwanafunzi hujifunza kwa kutenda, na kwamba vifaa vinaweza kubuniwa kutokana na vilivyo karibu. Nyumbani, vizibo vya soda vinaweza kuwa nambari na viberiti kuwa herufi, navyo vikapangwa pande mbili za mstari uliochorwa mezani. Anayecheza hivyo kwa siku tatu huiona mizani ya mlinganyo kwa macho.

RATIBA INAYOWEZEKANA

Ratiba ya saa sita kwa siku hupendeza karatasini na kufa wiki ya pili. Saa moja na nusu kwa siku, siku tano kwa wiki, hutosha, mradi isikatizwe. Nusu saa ya kwanza hutumika kurudia ya jana, dakika arubaini na tano kwa mada mpya na mazoezi, na robo saa ya mwisho kwa daftari la makosa. Siku ya sita hutengwa kwa sehemu ya karatasi ya mtihani uliopita, kwa kufuata saa.

Ratiba sharti iafikiane na maisha ya eneo. Mvua za masika zinapoanza Machi, kazi ya kupanda mahindi haingoji, na asubuhi zote huwa za shamba. Lakini Kakamega mvua hunyesha mara nyingi alasiri, wakati ambapo kazi za nje husimama. Saa hizo, zikitengwa kwa daftari badala ya usingizi, humtosha mtu. Jambo moja muhimu ni kukubaliana na wazazi mapema. Mzazi aliyeelezwa kwamba saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu ni za masomo huwa mlinzi wa ratiba hiyo, ilhali asiyeelezwa huona kijana aliyekaa bure na kumtuma dukani.

Akianza Januari, mwezi wa kwanza huwa wa akisami na nambari hasi, Februari na Machi huwa ya Kidato cha 1 na 2, Aprili hadi Juni ya Kidato cha 3, na Julai ya Kidato cha 4 pamoja na grafu. Anayechelewa asiruke ngazi, bali apunguze urefu wa safari. Heri kufika chuoni na nusu ya mada iliyoshika kuliko zote zilizoguswa juu juu.

KWA WANAORUDIA NA WALIO NYUMA YAO

Si wote wanaosoma nyumbani wameshapata nafasi ya chuo. Wapo wanaokusudia kurudia KCSE wakiwa watahiniwa wa kibinafsi, ambao husajiliwa na KNEC kupitia vituo vya mitihani vinavyotambuliwa. Hao wakumbuke muundo wa mtihani. Kuna karatasi mbili, kila moja ya saa mbili na nusu na alama 100. Sehemu ya kwanza ina maswali mafupi ya lazima yenye jumla ya alama 50, na ya pili ina maswali manane ambayo mtahiniwa hujibu matano, kila moja likiwa na alama 10. Karatasi ya kwanza huegemea zaidi mada za Kidato cha 1 na 2, na ya pili zile za Kidato cha 3 na 4. Hatua zilizoonyeshwa vyema huweza kupata alama hata jibu la mwisho likikosewa, hivyo mazoea ya kuandika kila hatua nyumbani hulipa mtihanini.

Muda nao unayoyoma kwa mfumo huo. Kundi la mwisho la 8-4-4, lililoingia Kidato cha 1 mwaka 2024, linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Wanaowafuata wako katika mtaala wa umilisi, ambao Gredi ya 10 yake ilianza mwaka 2026. Baada ya mjadala mkali kuhusu iwapo Hisabati ibaki ya lazima katika sekondari pevu, Wizara ya Elimu ilitangaza mwaka 2025 kwamba kila mwanafunzi ataisoma: walio katika mkondo wa sayansi na teknolojia watasoma ile ya kina, na wengine watasoma ya kimsingi. Majina ya mitihani yatabadilika, lakini mlinganyo utabaki mlinganyo.

Kwa hivyo kijana aliye Shinyalu au Butere, mwenye vitabu vinne vikuukuu, daftari mbili na saa moja na nusu ya alasiri, hajakosa kitu cha lazima. Aanze chini kuliko anavyodhani anastahili, asiache jibu bila kulirudisha lilipotoka, na asione haya kurudia swali la jana. Haba na haba hujaza kibaba, na Septemba itakapofika atakaa ukumbini akiandika anachokielewa.